Kichwa

Mchana natengeneza meno ya bandia, Winnipeg,
katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya duka la miwani.
Usiku mimi ni bawabu wa kamusi elezo
iandikwayo na yeyote, isiyo ya mtu yeyote.
Nina funguo. Nilichaguliwa kwa kura kumi na tisa
kwa kuwa sipandishi sauti.

Januari wakaniletea ugomvi.
Makala yenyewe aya nne:
kijito kimoja Queensland, askari wa farasi,
alfajiri, watu wamelala kando ya moto.
Mwili wa makala haukuwasumbua.
Waligombania kichwa.

*Mapambano ya Kijito cha Dunmorra*, aliandika wa kwanza.
*Mauaji*, akasahihisha Noreen Coolwell,
muuguzi mstaafu, kwa jina lake kamili,
sisi wengine tukiwa tumejibanza nyuma ya lakabu.
Saa nne baadaye: *Mapambano*.
Usiku: *Mauaji*.
Asubuhi mtu mpole akaleta *Tukio*.
Tukio! Hata harusi ya binamu yangu ni tukio.
Mara kumi na saba kwa siku mbili.
Nikafunga ukurasa, na kila upande ukaniandikia
kwamba nimelifungia kosa ndani.

Chanzo kiko wapi? aliuliza Hatamu41.
Kilichochapishwa ni kimoja, shajara ya mkuu wa kikosi:
*Leo tumewatawanya weusi kijitoni. Risasi sitini na mbili.
Farasi mmoja anachechemea.*
Kutawanya si kuua, akashikilia Hatamu41.
Mwingine akaomba kiwango: mauaji huanzia watu wangapi?
Mwingine, kimyakimya, *waliuawa* akaifanya *walifariki*,
herufi chache tu, na muuaji
akatoka kwenye sentensi bila kufungua mlango.

Noreen aliandika kwa kirefu mara moja tu.
*Bibi yangu hakupaita jina. Neno lake nalitafsiri hivi: mle.
Si pale, ungepaonyesha kwa kidole.
Si kule, kungekuwa mbali.
Mle. Gari letu lilizunguka maili tisa
tusipite juu yao.
Mafuriko ya sabini na nne yalifukua meno mchangani,
madogo. Bibi aliyarudisha, moja moja, kwa kijiko.
Je, bibi ni chanzo?*

Nilisoma hayo nimeshika taya la plasta.
Nayajua meno. Jino la utoto likidondoka lenyewe
huwa halina mzizi, mwili umekwisha kuula.
Lenye mzizi halikudondoka.
Lilizikwa na mwenyewe.
Nikamwandikia pembeni, swali moja.
Akajibu kesho yake: *Mizizi ilikuwepo. Mirefu kama ya karoti changa.*

Na sikuweza kuitumia.
Utafiti wako mwenyewe hauruhusiwi,
kanuni ambayo mstari wake wa tatu niliuandika mimi,
nikajisifu kwa ufupi wake.

Siku ya thelathini nikapima hoja, nikatia sahihi:
*Hakuna mwafaka.*
Pasipo mwafaka, kichwa hurudi kilivyozaliwa.
Mapambano.
Hatamu41 akanitumia picha ya kikombe cha chai.

Noreen hakulalamika. Alikaa kimya hadi Machi,
kisha akaleta jedwali,
lile liwekwalo pembeni mwa kila vita,
maana kama ni mapambano, basi yapewe haki yake.
Akalijaza kwa shajara ileile, ukurasa kwa ukurasa:

*Silaha za upande wa pili: hazikutajwa.
Askari waliokufa: hakuna.
Askari waliojeruhiwa: hakuna.
Risasi: sitini na mbili.
Hasara za kikosi: farasi mmoja, anachechemea.*

Hakuna wa kulifuta. Kila mstari una chanzo.
Hatamu41 amejaribu mara mbili, na mara mbili
nimelirudisha, bila kupandisha sauti.

Leo nimekaa na jino la mtu nisiyemjua,
nalisugua lifanane na meno yaliyobaki.
Nimelipa mzizi wa nta ambao hakuna atakayeuona.
Mteja hakuuomba.