Sarafu ya Lifti

Jengo letu la Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
lina lifti moja, nayo haikubebi
mpaka uilishe sarafu.
Baba yangu, Vazha, aliishi ghorofa ya tisa.
Miaka kumi na minne hakuilisha hata moja.

Si kwamba alikosa. Sarafu alikuwa nazo kopo zima,
kopo la kahawa, juu ya kabati, limejaa hadi shingoni.
Ila lifti hiyo hiyo alipanda Anzori wa ya saba,
na Anzori, ule mwaka wa baridi bila umeme,
aliazima jiko letu la mafuta ya taa
akalirudisha halina utambi.

Utambi!
Uzi wa pamba uliosokotwa, basi.
Baba akaulilia kama aliyefiwa.

Akawa anapanda ngazi. Mia moja arobaini na nne.
Viazi mkono huu, mkono ule ukutani,
na njiani maneno yake:
ya tatu, "Nitamwambia siku moja,"
ya tano, "Aanze yeye,"
ya saba alibana pumzi, asisikike akihema.
Akifika huketi na kofia yake, jasho linampoa mgongoni:
"Mtu na heshima yake."
Heshima ikamla magoti, la kulia kwanza.

Chini ya kitanda kulikuwa na mvinyo
wa shangazi Lamara, kutoka Kakheti.
"Tutaufungua mambo yakikaa sawa."
Mambo yenyewe hayakujua kwamba yanangojwa.
Tuliufungua siku ya mazishi, umekuwa siki.
Tukaunyunyiza kwenye maharage.
Wageni wakasifu maharage.

Anzori alikuja. Alipanda kwa miguu,
na lifti siku hiyo ilikuwa nzima.
Akasimama mlangoni anatweta,
akatoa mfukoni utambi mpya,
karatasi ya dukani imegeuka rangi ya chai.
"Niliununua wiki ile ile," akasema.
"Nilikuwa nangoja aniombe."

Nilitaka kuwacheka wote wawili,
aliye hai na aliye sandukuni.
Wanaume wa kufa na tai shingoni!
Kisha simu ikatetemeka kwenye aproni yangu,
nikakumbuka ujumbe wa dada yangu Khatuna,
wa tangu Februari, sijaujibu,
kwa sababu ya sufuria, au la, si sufuria,
kwa sababu ya jinsi alivyosema neno "sufuria".

Usiku, nikitoka kutupa takataka,
nilichota sarafu kwenye kopo la baba.
Nikailisha lifti. Ikapanda inakohoa,
ikakwama kati ya sita na saba, taa ikazimika.

Juu yangu mlango ukafunguliwa, ndara zikaburuzika.
"Nani yumo humo?"

Nilibana pumzi kwanza.
Kwa mazoea.