Dari Yao, Sakafu Yangu

Nyumba yangu ni namba kumi na saba, ghorofa ya kwanza,
juu ya rafu za Historia.
Siku ya kukabidhiwa ufunguo, karani alisoma masharti
bila kuinua macho:
Usitwange baada ya saa mbili asubuhi.
Usiburuze kitanda.
Usianike dagaa upande wa madirisha ya wasomaji.
Nikatia sahihi. Nani asingetia?
Miaka tisa nililala Mabatini, chumba kimeegemea jabali,
mvua ikinyesha jabali linatoa jasho,
na mwenye nyumba akipandisha kodi
kama anayepandisha mbuzi mawe: kidogo kidogo, kwa fimbo.
Huku kodi haijapanda
tangu mwanangu wa mwisho aote magego.

Kazi yangu ni kisu. Naingia kiwandani Igogo usiku,
natoa minofu ya sangara mpaka alfajiri,
mabondo huku, vichwa kule,
narudi vidole vimekufa ganzi kwa barafu
wakati wao wanafungua milango chini.
Naupenda mlio ule. Komeo. Kiti, kiti, kiti.
Halafu kimya
kinachopanda sakafuni kama ubaridi wa saruji.
Kimya cha watu wengi si sawa na kimya cha mtu mmoja.
Nalala juu yake.

Basi Jumanne ile ya masika
nilisahau bomba.
Maji yalikuwa yamekatika tangu juzi
(ziwa lote lile liko pale mbele, linang'aa,
na bomba linakohoa)
nikaliacha wazi, ndoo chini, usingizi ukanichukua.
Niliamshwa na mlango.

Bwana Masatu wa maktaba, shati limelowa mabegani,
amekumbatia vitabu kumi na kimoja
kama mtu aliyeokoa vifaranga.
Niliiona Mabatini nyuma yake, na lile jabali.
Nikasema: Nitahama Ijumaa.
Akasema: Una vibanio vingapi?

Vyangu thelathini na viwili.
Mama Limi wa kumi na nane akaleta vyake,
Nyamizi wa juu akaleta na kamba,
mzee Lugata, asiye na vibanio, akaleta chumvi.
Hatukujua ya nini. Tukaipokea.
Tukavitandaza koridoni, tumevipanua kama sato wa kubanikwa,
kurasa zilizochomoka tukazibana kambani,
na mimi nikiwaelekeza, maana hiyo kazi naijua:
shika mgongo, usivute,
fungua taratibu, fuata ubavu.
Bwana Masatu akasema mikono yangu
haijararua hata ukurasa mmoja.
Hakuna aliyewahi kuisifu mikono hii
ila kwa kilo.

Watoto waliporudi shule walipita chini ya kamba
wakisoma kwa sauti:
kipande cha ramani, kipande cha vita,
mfalme fulani akafa kwenye kamba ya Nyamizi
akazaliwa kwenye kamba yangu.
Upepo wa ziwani ukageuza karatasi kabla hawajamaliza,
wakaupigia kelele urudishe,
na kule chini
hakuna aliyegonga dari kwa ufagio.

Sasa vimerudi rafuni, vimenenepa.
Havifungiki sawasawa.
Jumamosi nilishuka, mara yangu ya kwanza, na kandambili zangu,
nikasimama pale ambapo juu yake kipo kitanda changu.
Nikatazama: doa moja la rangi ya chai
limechorwa kama Ukerewe.
Nikakivuta kitabu kimoja, nikakinusa.
Ndiyo. Sangara, kwa mbali, na sabuni ya mche.
Nikakiazima.

Kadi yangu ina tarehe moja tu.
Nasoma polepole, kidole kikitangulia,
nimefika pale mfalme anapoanza kuumwa.
Watoto wanataka kunisimulia mwisho. Nawanyamazisha.
Najua atakufa.
Nilimwanika mwenyewe.