Fundo la Kushoto

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
nyumba ya sita ukitokea sokoni.
Baba aliivika saruji miaka ile ya sukari ya foleni,
akapaka rangi ya kijani mpaka kiunoni,
akasema: ufa nimeuziba, ukuta sitajenga.

Ukuta tunaujenga.

Unyevu uliingia kama mgeni, ukakosa pa kutokea,
ukakaa humo miaka arobaini na kitu
ukitafuna miguu ya nguzo polepole, kwa adabu.
Nje tuliona nyumba imara. Ndani
nguzo tatu zimekuwa unga wa kahawa.

Fundi Mhina anagonga kwa mpini wa nyundo, anasikiliza.
"Hii hai. Hii hai. Hii marehemu."
Kisha anabandua saruji, bamba kwa bamba,
na nyumba inavuliwa kanzu mbele ya majirani:
mbavu! Boriti za mkandaa zimesimama wima,
fito zimelala mbele na nyuma yake,
na katikati vifusi vya matumbawe, udongo mwekundu,
kigae cha sahani ambayo hakuna anayeikumbuka.

Mimi ni mchoraji wa majengo. Chuoni nilifundishwa nondo,
zege la siku ishirini na nane, uzito kwa mita ya mraba.
Sikufundishwa kuisalimia nyumba hii kwa majina yake.
Mhina anayataja akinyoosha kidole,
nami naandika nyuma ya risiti ya misumari:
kizingiti, mwimo, mtambaapanya.
"Panya hutambaa kweli?"
"Lala humu usiku mmoja. Ndiye mkaguzi."
Juu yake makombamoyo yanapanda kukutana na mwamba,
kila moja na tege lake, hakuna lililonyooka,
maana mkoko haukui kwa rula;
fundi wa kale aliyageuza na kuyageuza
hadi tege la hili likapumzika kwenye tege la lile.
Msumari hakuna. Nimetafuta.
Kila kiungo ni fundo,
kamba ya usumba, nyeusi kwa moshi,
ngumu kama kisigino.

Nayahesabu mafundo kama mtu anayehesabu deni.
Yote yanazunguka kulia.
Isipokuwa kiambaza cha chumba cha uani,
pale kitanda cha bibi kilipoegemea:
pale kamba inakwenda kinyume,
safu baada ya safu, imekazwa kuliko zote.

"Hapa alifunga mashoto," anasema Mhina,
na kuendelea kubandua.

Bibi Mwanamkasi alikula kwa kulia, alishona kwa kulia,
alitupiga makofi kwa kulia.
Shangazi husimulia jinsi utotoni alivyofungwa kitambaa mkono wa pili
mpaka mkono ukasahau.

Haukusahau.
Ulingoja wanaume wapande juu kupaua,
wakipigiana kelele za vipimo,
ukafanya kazi yake humu, chini, ndani ya ukuta,
kisha ukaikandika udongo,
ukanawa.

Alasiri tunabadilisha nguzo zilizokufa.
Saruji hapana, amesema Mhina:
udongo na chokaa, ukuta uachwe uheme.
Binti yangu Zamda, miaka tisa, anaokota kamba mpya.
Shangazi, kutoka barazani: "Mkono gani huo!"
Zamda anasita. Ananitazama mimi.
Mimi natazama ukuta.

Mhina ananyoosha ufito,
anaushika palepale unapopishana na boriti,
anamsubiri mtoto kama anavyomsubiri fundi mwenzake.
"Raundi tatu," anamwambia. "Halafu pitisha ncha chini, ukaze."

Kukandika ni keshokutwa.