Nyuzi Kumi na Nane

Jaribio la kwanza: Naipanga, mwezi wa nane,
udongo umekauka kama mkate wa juzi.
Trekta ikashusha kisu, ikaguna, ikavuta,
na nyuma yake mihogo ikatoka
vichwa huku, mikia kule.

Fridolini akazima injini.
Hakusema kitu. Wiki tatu
alikuwa amelala karakana na mashine hiyo,
akiichomelea kwa chuma cha plau ya kale
iliyoachwa porini na Wazungu wa karanga.
Chuma hiki, alikuwa akisema, kimeshashindwa
na ardhi ya hapa mara moja,
kwa hiyo kina adabu.

Hakikuwa na adabu.

Mimi kazi yangu daftari.
Kina: sentimita thelathini na mbili.
Mwinamo wa kisu: nyuzi ishirini na tano.
Mwendo: gia ya pili, nzito.
Mihogo mia moja; iliyotoka mizima,
arobaini na mmoja.

Lakini mhesabuji hasa alikuwa Somoe Chilumba,
yeye na wenzake, vibarua wa kung'oa kwa jembe,
tuliowalipa siku hiyo waokote nyuma ya trekta.
Haandiki. Anashika kipande,
anakinusa, ananigeuzia jeraha:
"Huu haufiki Alhamisi."

Muhogo hauna subira.
Ukichubuka leo, keshokutwa
mishipa ya bluu inatambaa ndani
kama wino kwenye karatasi mbovu,
na mnunuzi wa Masasi anageuza gari.

Ndiyo maana kila tulipokosea, kijiji kilimenya.
Jaribio la pili likaanikwa juu ya bati la ghala.
La tatu, juu ya mikeka minne
na mlango mmoja uliong'olewa bawabani.
Ukisimama barabarani ungeyasoma
makosa yetu yote, meupe,
yakikauka taratibu kuwa makopa,
mbuzi wakiyapitia kama wakaguzi wa mahesabu.

Jioni ya jaribio la nne bolti ilikatika.
Tukawa chini ya fremu, mimi nashika tochi,
Fridolini anatukana nati kwa Kimwera,
Somoe amechuchumaa anatutazama,
mdomoni ming'oko ya kuchemsha.
Akauliza:
"Kwani hicho kisu kinaingia shambani
kudai deni?"

Fridolini akatoka chini ya chuma
na grisi shavuni.
"Wewe ming'oko unaichimbaje isikatike?"

Akamwonyesha, kwa kijiti, pale pale kwenye vumbi.
Huanzii juu yake. Unaanzia mbali, pembeni,
unaingia umelala, unaipita kwa chini,
halafu hunyanyui: unatikisa.
Udongo uachie wenyewe.

Usiku ule grenda haikulala.
Kisu kikalazwa hadi nyuzi kumi na nane.
Nyuma yake vikaota vidole sita vya nondo
vinavyotetemeka trekta ikienda,
kama mtu anayepepeta.

Jaribio la tano.
Ardhi ilivimba kidogo, ikapasuka bila kelele,
na mihogo ikalala juu, limbanga kwa kiroba,
na mavumbi yake, na vishina vyake,
kama watoto walioamshwa kwa upole.
Tukahesabu mara mbili kwa kutojiamini.
Mizima: tisini na mmoja.
Fridolini akakaa chini, pale pale, kwenye tuta.

Somoe hakukaa.
"Ekari hii tulikuwa tunang'oa watu kumi na wawili.
Mwakani mtaita wangapi, wa kuokota tu?"

Daftari lina safu ya dizeli.
Lina safu ya unyevu wa udongo,
ya muda, ya vipuri vilivyovunjika.
Nikapekua kurasa, mbele, nyuma,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
"Wanne," nikasema. "Labda watano."

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira,
akatembea kwenye mfereji uliochimbwa,
akibonyeza udongo kwa kisigino, hatua kwa hatua.
Mahali fulani akasimama.
Akainama, akaingiza mkono hadi kiwiko,
akatikisa,
akautoa, mrefu, haujachubuka popote,
ambao mashine iliupita juu.

Akauweka kwenye boneti ya trekta, bado ya moto.

"Andika," akasema.
"Tisini na miwili."