Kilo Kumi na Saba

Kosta yake aliing'oa viti, akabakiza viwili vya mbele.
Nyuma kitanda, sinki, jiko la pleti mbili,
pazia la maua lililofifia upande wa jua.
Akaingia kituoni kwetu Kizota saa saba mchana,
vumbi la Manyoni bado kwenye kope.
"Jaza mpaka shingoni. Naenda Kondoa, kisha Babati,
kisha nitajua huko huko."

Mzee, mtungi si gunia la uwele.
Gunia unalitikisa, unalisindilia kwa goti,
unaongeza kibaba na bado linashonwa.
Humu mna kimiminika kinachotaka pa kuvimbia.
Jua likishauchapa ubavu,
kile ulichonilazimisha kuongeza kitatafuta njia,
nacho hakibishi hodi.

Nikasoma kola: namba za kugongwa, nusu zimeliwa na kutu.
Mtupu, kilo nane. Muda wa kupimwa tena bado miezi minne.
Nikafungua vali. Mshale wa mizani ukapanda
kama mtu mwenye goti bovu anayepanda ngazi.
Kumi na saba. Nikafunga.

"Juu umeacha pengo," akasema, akigonga chuma kwa pete.
Nimeacha.
Pengo ndilo la thamani, na silitozi.

Sabuni ya kipande, kopo la siagi, brashi ya kunyolea ndevu.
Tukainama wote wawili, tukitazama shingo ya mtungi
kama wanaosubiri mtoto apige chafya.
Povu moja likavimba.
Nikakaza robo mzunguko. Likanywea.
"Mbona yanuka vibaya hivi?"
Yenyewe haina harufu, mzee. Imetiwa makusudi,
kama njuga shingoni mwa mbuzi: gizani humwoni,
ila unajua katoka zizini.
Ukiisikia, usiwashe taa, hata iliyowaka usiizime.
Funga vali kama unaifikia, acha mlango wazi, shuka.

Risiti nikaandika Ndahani. Akalipa noti zilizokunjwa nne nne.
Kisha akaubeba mwenyewe, akausimamisha kiti cha abiria,
akaufunga mkanda.

Hapo siyo, nikasema.

"Kiti hiki hakina mtu."
Akakaa kidogo.
"Kilikuwa cha Sechelela. Mapazia alishona yeye."

Ningeweza kusema pole.
Nikasema: nje, nyuma, kwenye kile kizimba cha chuma.
Usimame wima, usilazwe. Na gari likitembea, vali ifungwe.
Tukauhamisha pamoja, yeye mkono wa kushoto, mimi wa kulia,
tukaupitishia mnyororo mara mbili.
Hapo ndipo nikasema pole, lakini injini ilishawaka.

Akageuza kuelekea barabara ya Kondoa.
Kiooni niliuona ule mkanda,
hakuufungua, umekumbatia hewa.

Nikarudi kwenye mizani. Mshale ulikuwa umenata.
Nikaugonga kwa kidole.
Ukarudi sifuri, au karibu.