Ukurasa wa Tisa

Lali wa Kupi karudi Langoni, kashukia Manda kwa ndege ya asubuhi,
kaingia viatu mkononi kama zamani,
kaketi mkekani, pale pale penye ufa wa sakafu
alimokuwa akificha kokwa za ukwaju.

Nilimchapa mara moja tu.
Niseme kweli: mara mbili.
Alikuwa akipanga hesabu pembeni mwa ubao,
chini ya alifu na bee, kwa wino wangu wa masizi.
Hesabu zile zimeuzwa. Programu ya kupanga mizigo bandarini,
wameinunua watu wa mbali kwa fedha
ambazo nilipotajiwa nilimwomba arudie,
na aliporudia sikuelewa zaidi.
Sasa hafanyi kazi, asema. Hutia mtaji.
Vijana humjia na wazo, yeye huwatazama macho.
Tisa humla, wa kumi hulipa.

"Mwalimu, watoto ni wangapi?"
Arubaini na mmoja.
"Wangapi huhitimu?"
Nikamtazama. Nani aliyehitimu?
Mimi mwenyewe nimefika wapi?

Akacheka, akanipa habari za Naftali,
Myahudi aliyemwamini kabla ya watu,
wakati Lali ana kompyuta moja na koti la kuazima.
Naftali naye aliuza kampuni, naye hutia mtaji,
na faida huipeleka kwenye shule za Torati,
watoto wa kwao wasije wakasahau kusoma walichosoma babu zao.
Herufi zao nazo zaanzia kulia.
Siku ya kwanza herufi hupakwa asali, mtoto akairamba,
elimu imwingie kwa ulimi.
"Nikamwambia, sisi twanywa kombe.
Aya kwa zafarani, sahani nyeupe,
twaiosha kwa marashi, twainywa.
Akanyamaza. Kisha akaniuliza:
na hicho chuo chako, paa lake lavuja?"

Lavuja. Boriti tatu zimeliwa na mchwa.

Basi kaniachia fomu, kurasa kumi na mbili,
maana fedha si zake peke yake, zina bodi, zina wakaguzi.
Nimeijaza usiku, miwani puani, kwa mwanga wa simu ya mjukuu.
Boriti. Chokaa. Misahafu. Mshahara wa mwalimu:
hapo nimeacha wazi.
Ukurasa wa tisa: Matokeo Yanayopimika.
Nikamkumbuka Famau, mwana wa mwenye punda,
hakumaliza hata juzuu ya pili,
lakini babake alipofariki alimwosha kwa mikono yake,
hakumuuliza mtu kinachofuata.
Hiyo ni asilimia ngapi?

Nikaandika: Lali wa Kupi.
Nikalitazama jina. Nikaona haya. Nikafuta,
karatasi ikatoboka.

Kesho nitamwomba fomu nyingine.
Na nimuulize, kabla sijasahau,
asali ile huipaka kiasi gani,
maana yuko mmoja hapa, mkaidi, mwana wa fundi saa,
naona fimbo haimfai.