Vifungo Sita

Kaka yangu Belmiro alikuwa karani wa rehani
mjini Porto, nyuma ya soko la samaki wa chumvi.
Saa moja asubuhi, mvua ikigonga vigae,
watu walipanga foleni na vya nyumbani mwao:
pasi, shuka la harusi, jino la dhahabu la marehemu.
Yeye aliandika: shuka moja, kitani, doa pembeni.
Jioni akija kula, alikuwa bado anaandika.

Wenzake waliandika juu ya mwezi
na mabinti wa kifalme wafao bila kukohoa.
Belmiro alikwenda hospitali kusikiliza kikohozi,
akarudi akaniambia, "Deolinda, kina sauti tatu."
Mnakili ni mimi. Kikohozi kile kilinila kurasa nane,
kidole kikaota sugu.

Kitabu cha kwanza: nakala arobaini na moja.
Padri alinunua kumi akazichoma.
"Basi kumi zimesomwa," alisema kaka.
"Moto hausinzii katikati ya sura."

Cha pili kilileta jina, na jina likaleta Quitéria,
mjane, muuza mishumaa,
aliyejikuta ukurasa wa tisini: koti la mumewe,
vifungo sita, cha nne kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Mji mzima ukajua aliliweka rehani
kabla maua ya kaburini hayajanyauka.
Alisimama mlangoni petu, hakupiga kelele.
"Uliyoandika ni kweli," alisema.
"Uongo wa kifungo kimoja tu ungenisitiri."

Husemwa kweli inauma.
Haisemwi inamuuma nani.

Vikafuata vitabu saba, nishani,
picha gazetini, masharubu yamepakwa nta.
Wanafunzi wa Coimbra walimbeba juu juu
naye akilalamika kuhusu mgongo.
Lakini mimi nilinakili, mimi najua:
katika kila kitabu, pahala fulani,
hupita mwanamke mwenye koti mkononi,
na koti lina vifungo vitano.
Hakuna mhakiki aliyewahi kuuliza.

Alipokufa, mahakama ilimtuma kijana
kuorodhesha mali, wino umemjaa vidoleni.
Meza moja, mguu mfupi.
Saa ya ukutani, haitembei.
Kwenye droo, ndani ya bahasha, kifungo,
uzi mwekundu ungali tunduni.

"Na hiki, niandike?"

Nilitazama mvua kwa muda.
Nikamwambia: ruka mstari.